Mwandishi wa diploma Kikula na wivu wake wa gothique

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaani Kikula, Placide Kazadi anachovya kalamu ya ncha bapa kwenye wino mweusi na kuanza upya jina la mtoto wa watu. Mstari mnene unashuka, unakata kona, kisha unapanda mwembamba kama uzi. Mezani zinamsubiri diploma sitini na tatu, na roho yake bado haijatulia.

Kwa miaka kumi na tisa, shule moja ya upande wa Mulungwishi ilimpa kazi ya kuandika diploma zake kwa gothique, zile herufi nyeusi zenye pembe kali. Wazazi wa hapa huzitundika sebuleni, na kwao diploma isiyo na gothique ni karatasi tu. Kila jina lilimpa faranka elfu tatu.

Mwaka huu kazi ikaenda kwa Yannick, kijana mwenye kompyuta na mashine ya kuchapa karibu na soko. Mwaka huu huu ambao Orpa, binti yake Placide, alikuwa anahitimu! Baba mtu aliisubiri siku ya kuliandika jina hilo tangu mtoto akiwa darasa la kwanza.

"Minye niko na wivu, sifichi," anasema. "Nilikuwa napita mbele ya kwake mara tatu kwa siku, naomba courant ikatike."

Umeme haukukatika. Yannick alichapa majina yote kwa herufi kubwa tupu, na hapo ndipo alipoharibu. Gothique inataka kubwa moja mbele, ndogo zifuate, maneno yawe machache na yapewe nafasi ya kupumua. Kubwa zikibanana, mikia inaingiliana na jina linakuwa seng'enge.

Siku ya sherehe, mkuu wa shule, Mama Henriette, aliikodolea macho diploma ya kwanza, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, mwisho akaagiza daftari la mahudhurio asome majina humo. Placide anakiri alicheka mpaka mkewe, Clémentine, akamfinya.

Kesho yake Mama Henriette akaja na karatasi mpya, Placide amwandikie majina yote upya. Wahitimu wote walirudisha diploma za Yannick, isipokuwa Orpa.

"Papa, ya Yannick iko muzuri," alimwambia baba yake. "Minye nabaki nayo."

Placide akaenda kuichungulia ukutani. Jina ni fujo, lakini neno Diplôme, lililochapwa kubwa peke yake pale juu, limetulia kuliko lake. Miguu ya herufi imelingana yote. Inamchoma kulisema, ila analisema: mkono wake haujawahi kufika pale.

Kati ya karatasi mpya, ile iliyokuwa ya Orpa itabaki tupu, na Placide ameshaamua atakachoifanyia.

"Nitaenda kwa Yannick, anipigie na mashine ile neno ya juu," anasema, akiifuta kalamu. "Jina ya Orpa nitaandika minye. Labda vile ataikamata, aitundike. Yannick nitamulipa, lakini sitamusalimia."