Peke Yangu Mpaka Lubutu

Katika Alunguli nzima, upande wetu wa mji wa Kindu, mtu aliyeacha shule darasa la tano na leo ana depo yake ya chumvi, sukari na sabuni ni mmoja tu, naye ndiye anayeandika haya. Sikubebwa na mjomba wala na serikali. Vita vilinikuta na baiskeli, vikaniacha mfanyabiashara. Kwa hiyo niliposikia kwamba chuo kikuu, ng'ambo ya mto, kina chumba cha kusaidia watu kuandika, na kwamba hata sisi raia tunaweza kupeleka habari zetu za wakati wa vita, nilijua ni mimi waliyekuwa wakinisubiri.

Nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Habari zitakazopendwa zingesomwa mbele ya mji siku ya sikukuu ya chuo, na yangu nilikuwa nimeshaipa nafasi ya kwanza.

Siku ya kuipeleka, mke wangu alifunga kitenge kipya, tukavuka pamoja kwa mtumbwi. Katikati ya mto akaniuliza:

"Papa wa watoto, na miye niko mu ile habari?"

"Utasikia."

Akatazama maji. Kumbe kwa miaka yote hiyo alikuwa anangoja jambo moja tu: mtu aseme mbele ya watu alichokifanya yeye wakati wa vita kwenye njia ya Lubutu.

Kile chumba kina desturi yake. Mwenye habari haisomi mwenyewe. Anasomewa na mwanafunzi, yeye mwenyewe anaketi kwenye benchi la dirishani, anapewa karanga za kukaanga, atafune. Haruhusiwi kutoa neno mpaka kila msikilizaji aseme alichosikia. Mwalimu anayekiongoza, mama mmoja mpole, alinieleza: "Papa, karatasi ikienda mbali, hautakuwa pale kwa kuieleza. Acha tuone kama inajua kusema yenyewe."

Mimi, kuzibwa kinywa kwa karanga! Nikazipokea.

Binti mmoja mwanafunzi akasoma kwa sauti safi. Jinsi mji ulivyofungwa, treni haiji, chumvi ikatafutwa kama dawa. Jinsi nilivyofunga mchele na bidoni za mafuta ya mawese juu ya baiskeli, nikaisukuma peke yangu mpaka Lubutu, mji wa mbali kaskazini, nikarudi na chumvi. Peke yangu milimani. Peke yangu matopeni. Peke yangu kwenye kila bariere ya askari waliofunga barabara. Nilitafuna kama chifu.

Wa kwanza kusema alikuwa mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli zamani.

"Miye nimesikia uongo," akasema, watu wakacheka. "Baiskeli ya muzigo vile, kwa mulima, inataka muntu wa mbele wa kuongoza na muntu wa nyuma wa kusukuma. Hapa Kindu hata mutoto anajua. Wa nyuma iko wapi?"

Nikatia karanga nyingine kinywani.

"Na mimi nimeshangaa," binti akasema, akirudisha macho kwenye karatasi. "Papa akishapita bariere, hapo mbele kidogo anasimama, anangoja. Kama yuko peke yake, anangoja nani?"

Nilikuwa na jibu, lakini zamu yangu ilikuwa bado. Kwenye viti vya nyuma kitenge kipya kikasimama.

"Wa nyuma ni miye," mke wangu akasema. "Tukikaribia bariere alikuwa ananituma mu pori, nizunguke na mutoto mugongoni, sababu askari hawakuwa wanaacha mwanamuke apite muzima. Yeye anafika kwao, anaapa: niko peke yangu. Siku moja walimupiga sana juu ya lile neno. Hakubadilisha."

Halafu akanigeukia.

"Lakini vita ilikwisha, papa wa watoto. Bado uko unanificha mu pori?"

Mwalimu akaniambia sasa naweza kusema. Lile neno, "peke yangu", nilikuwa nimewaapia askari mara nyingi mpaka likazoea ulimi. Baada ya vita watu wakiniuliza, linatoka lenyewe. Na lilikuwa tamu pia, sikatai. Nikasogea, nikampa mke wangu nafasi kwenye benchi, na karanga zilizobaki.

Tulipokuwa tunavuka kurudi nikamwambia nitafuta "peke yangu" kila mahali, ila kwenye bariere nitaiacha. Pale ilifanya kazi.

"Sawa," akasema. "Na uandike kama kwa mulima ya mwisho ulilia."

"Sikulia."

"Ulilia, nilikuwa nyuma, nilisikia."

Siku ya sikukuu habari yetu ilisomwa ya kwanza, kama nilivyosema. Baiskeli wakati ule wengi walikuwa nazo. Mwenye msukumaji kama wangu, anionyeshe. Ule mlima wa mwisho umo pia, na machozi yamo, ila niliandika kwamba tulilia wote wawili.