Barabara Kati ya Baba na Rafiki Yake

Nyumba yetu hapa Baraka inatazamana na nyumba ya rafiki wa baba yangu. Kati yazo ni barabara tu, ile inayotoka Mboko na kupita katikati ya mji kuelekea Fizi. Baba alikuwa mtu wa baiskeli. Ujana wake wote alileta magunia ya mihogo mikavu kutoka Mboko, akisukuma zaidi ya kuendesha, na rafiki yake, mwenye mitumbwi, akayavusha ziwa. Walizeeka pamoja, mmoja wa msikitini, mwingine wa kanisani. Miguu ya rafiki ilipovimba akashindwa kutoka uani, baba ndiye aliyevuka kila asubuhi kwenda kunywa chai naye.

Kisha barabara ikatengenezwa. Mashine ilifukia mashimo na kumwaga udongo mwekundu, nasi wanawake tukapiga vigelegele. Kumbe yale mashimo ndiyo yaliyokuwa yakipunguza mwendo wa watu! Pikipiki zikaanza kupita kama zinafukuzwa. Baiskeli zikawakimbilia waenda kwa miguu pembeni, na waenda kwa miguu wakabaki na mtaro.

Asubuhi moja pikipiki, au moto kama tunavyosema hapa, ilipita karibu na baba hata ikamshika shati, akaangukia mtaroni. Hakuvunjika. Nilipokuwa namwosha kiwiko alisema, "Leo siende." Kesho yake akasema vilevile. Siku ya tatu hakuvaa hata viatu.

"Baba, mi nitakushika mukono."

"Na we bakikugonga, nani atashonea batu nguo?"

Rafiki yake akawa anawekewa kiti getini kwake, baba naye anakaa kwetu, wanapungiana mikono. Nilikuwa nikishona huku nawatazama, na moyo unaniuma.

Ndipo nikaenda kwenye mkutano wa mtaa. Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Niliomba matuta mawili na njia ya waenda kwa miguu. Mkubwa wa wenye pikipiki akasimama.

"Mama, tuta inaharibu moto. Batu bavuke tu mbio."

Nikapata neno moja tu: "Basi kuya kesho asubuhi, uvushe baba yangu."

Watu walicheka. Lakini alikuja.

Alimshika baba mkono, wakasimama ukingoni. Lori likapita. Wakapiga hatua mbili, wakarudi.

"Mukono yako inatetemeka," baba akamwambia.

"Hapana, muzee, ni ya kwako."

"Ya kwangu naiyua."

Walifika katikati, wakakwama hapo, pikipiki zikiwapita mbele na nyuma. Mmoja wa vijana wa yule mkubwa mwenyewe aliwapigia honi. Walipofika upande wa pili, yule mkubwa aliketi chini karibu na kiti cha rafiki wa baba, akavua kofia, akajifuta jasho.

"Iko hivi kila siku?"

"Kila siku," akajibu yule mzee wa mitumbwi, bila kumwachia baba mkono aliokuwa ameudaka.

Jumamosi tukafanya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa mzima. Wenye pikipiki, mkubwa wao akiwa mbele, walibeba mawe kutoka ufukweni na udongo wa matuta mawili. Tulipanga mstari wa mawe pande zote mbili: katikati magari na pikipiki, nje ya mawe baiskeli na miguu. Mbele ya nyumba yetu njia iligoma. Baraza letu la saruji lilikuwa limetokeza, lile ambalo marehemu mama alikuwa akiketi kuchekecha unga. Baba akaomba sururu.

"Baba, mama angekubali?"

"Mama yako alikuwa anaogopa moto kupita mi."

Alipiga mara tatu, akakaa kupumua, mkubwa wa pikipiki akamalizia. Mimi nilizoa vipande, na machozi yakanitoka kidogo bila watu kuona.

Kazi yetu haikuwa nzuri ya kupigwa picha. Tuta la kwanza lilikuwa kali mno, madereva wa malori wakalalamika, tukalipunguza. La pili mvua ililimega, likajengwa upya. Ila mwendo ulipungua. Wanaosukuma baiskeli zenye mizigo wakapata pa kupumzika bila kutukanwa.

Jumatatu moja baba alivuka peke yake. Niliinua mguu kwenye pedali ya cherehani nikasahau kuushusha. Hakukimbia. Pikipiki moja ilisimama kabisa kumngoja, naye akaisalimu.

Saa sita hakuwa amerudi, nikampelekea chakula. Niliwakuta wote wawili wamelala vitini, chai imepoa, mguu uliovimba wa rafiki yake umelazwa mapajani mwa baba. Niliweka sufuria chini polepole, nikaketi karibu nao, nikawafukuzia nzi kwa ncha ya kitenge changu.