Ng'ombe Mwekundu wa Loserian

Mwaka 1993 Eunike Sumari alikuwa muuguzi katika hospitali moja ndogo kwenye miteremko ya Mlima Meru. Aliishi peke yake. Mumewe, Eliya, alikwenda Mererani kutafuta tanzanaiti biashara ya madini ilipofunguliwa kwa watu wote, akatuma barua moja, kisha kimya. Kwaya ya kanisani nayo Eunike aliiacha, maana kila Jumapili akina mama walimuuliza, "Baba bado hajarudi?"

Ndipo akaja Daktari Thomasi kutoka Dar es Salaam. Alikuwa akichunguza kama watu waliopoteza usemi kwa kiharusi hubadilika wakiimbishwa. Alichagua wagonjwa wanane, wakutane kila Jumanne kwa miezi mitano. Mwalimu wa kwaya angepiga kinanda, Eunike aandike.

"Wewe, dada Eunike, ni macho tu," daktari alimwambia. "Usiimbe, usimsaidie mtu. Andika nani kafungua mdomo, nani kachezesha kidole. Ukiwaingilia hatutajua kilichowabadilisha."

Basi akakaa kwenye stuli pembeni, karatasi magotini. Wiki ya tatu, mama mmoja kutoka kijiji cha Maji ya Chai, ambaye hakuweza kuomba hata maji, aliimba ubeti mzima wa pambio. Wenzake wakalia kwa furaha. Eunike aliandika saa na dakika. Sauti ilimpanda kooni, akaimeza.

Loserian peke yake hakubadilika. Alikuwa mfugaji, Mwarusha msemaji wa Kimaasai kutoka upande wa Ngaramtoni. Wengine wakiimba, yeye alitazama dirishani. Wiki kumi mfululizo Eunike aliandika: hakuna badiliko.

"Daktari, nyimbo hizi si zake," alisema siku moja.

"Nyimbo ni zilezile kwa wote. Huo ndio utaratibu."

Jumapili yake ya mapumziko Eunike alikwenda soko la Ngaramtoni. Aliulizia hadi akaonyeshwa mke wa Loserian, Nalepo, aliyekuwa akiuza maziwa nyuma ya marundo ya mitumba.

"Shikamoo, mama. Natoka hospitali."

"Marahaba. Amekufa?"

"Hapana. Ila hasemi."

Nalepo aliweka kibuyu chini. "Nilikuja mara moja. Alinitazama kama anatazama ukuta. Sikuweza kurudi."

Eunike alimwomba wimbo wowote ambao mumewe aliupenda. Nalepo akacheka kidogo. Ujanani Loserian alikuwa na ng'ombe aliyempenda mno, akamtungia wimbo. Katikati ya kelele za soko akamfundisha Eunike kama alivyoukumbuka, naye akaandika Kimaasai asichokielewa, silabi kwa silabi.

Jumanne, wengine walipoondoka, Eunike alifunga mlango akaimba. Sauti ilikwaruza, kwa miaka miwili hakuwa ameimba. Loserian aligeuka kutoka dirishani. Akakunja uso. Midomo ikahangaika, halafu neno likatoka. Eunike akaurudia wimbo. Loserian akalirudia neno lake, safari hii kwa hasira.

Eunike alikimbia nje kumtafuta Ezra, mtunza bustani wa hospitali, aliyejua Kimaasai, akamtamkia neno hilo pamoja na wimbo.

Ezra alicheka. "Anakusahihisha, sista! Wewe umeimba ng'ombe mweupe. Yeye anasema mwekundu."

Eunike aliketi kwenye ngazi akalia.

Aliandika yote bila kuficha. Daktari Thomasi alisoma akiwa amesimama.

"Umeharibu, dada Eunike. Huyu itabidi nimtoe."

"Mtoe, daktari. Lakini amesema."

Ripoti ilikwenda Dar es Salaam ikiwa na watu saba. Loserian alirudi kwake, na mwalimu wa kwaya akachukua kinanda chake.

Mwaka uliofuata Eunike alikwenda kumwona. Alimkuta ameketi nje ya boma na Nalepo, akizungumza polepole. Eunike alimwamkia. Mzee akamgeukia mkewe.

"Nalepo, mgeni huyu ni nani?"

"Ni sista aliyekuimbia ulipokuwa mgonjwa," Nalepo alijibu kwa aibu.

Loserian alitafuta kumbukumbu, asiipate. "Sikumbuki kuimbiwa," alisema kwa upole. "Lakini karibu maziwa, mama."

Alimsimulia habari za ukame na malisho, akikwama na kuendelea. Kwa mazoea Eunike alianza kuhesabu maneno yake. Alipofika arobaini akaacha, akamsikiliza tu. Kisha akaaga.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado halijazama. Alimenya ndizi tatu, akabandika sufuria ndogo, akakaa kusubiri zichemke.