Maneno Niliyompa Marehemu

Marehemu alizungumza kwenye faili letu mara tatu. Kila mara alisema kitu tofauti, na mara ya tatu nilimsemea mimi.

Nisikilizeni hadi mwisho, ndipo mnitukane.

Mimi nilikuwa mchapaji kwenye ofisi ya wakili. Kazi yangu ilikuwa kuchapa na kufunga mdomo. Bosi wangu alikuwa na sifa moja mjini: akishika kesi ya mauaji, mteja wake hanyongwi.

Basi akaletewa kesi ya fundi magari aliyemuua mke wake kwa kisu, sebuleni, saa kumi jioni. Kuua hakukataa. Kilichobaki ni kitu kimoja tu. Ikionekana alichokozwa ghafla mpaka akili zikamruka, hayo si mauaji tena, ni kuua bila kukusudia. Anakula miaka michache, anarudi gereji kwake.

Bosi akaenda mahabusu, akarudi na maelezo ya mteja kwenye daftari. Nikachapa.

Rasimu ya kwanza: mke alisema, "Nimechoka, kesho naenda kwa mama." Mume akaenda jikoni, akachukua kisu, akarudi.

Bosi akasoma, akasonya. "Hii ni kamba ya kumnyongea. Mwanamke kusema amechoka, huo nao ni uchokozi?"

Akarudi mahabusu.

Rasimu ya pili, kisu hakikuwa jikoni tena. Mume alikuwa nacho mkononi, anamenya chungwa. Na mke, mwezi wa tano huo yuko kaburini, alikuwa ameota mdomo. Sasa anamwambia mumewe si mwanamume.

"Chungwa limetoka wapi, bosi?" nikauliza.

"Sokoni," akajibu.

Tukacheka. Ndiyo, na mimi nilicheka.

Bado hakuridhika. Akawa anazunguka meza, mikono mifukoni. "Tusi hili jaji ameshalisikia mpaka limemchosha. Hebu dada, wewe ni mwanamke. Ukitaka kumuumiza mume mpaka kwenye mfupa, unamwambia nini?"

Ilikuwa karibu saa saba, njaa inaniuma, nataka nikale. Na kusema kweli nilijiona wa maana, bosi mzima kuniomba ushauri. Nikajibu bila hata kuinua macho.

"Namwambia mtoto si wako."

Akapiga meza kwa kiganja. "Andika hivyo hivyo."

Nikaandika. Nikaweka na alama za kunukuu.

Siku ya utetezi fundi alilia kizimbani kama mtoto. Maneno yangu aliyakariri vizuri, hakuacha hata moja. Mwendesha mashtaka alimbana na lile chungwa, lakini nani angemuuliza marehemu?

Siku ya hukumu nilikaa nyuma ya bosi na mafaili mapajani. Jaji aliyasoma yale maneno mara mbili, pole pole. Akasema mwanamume yeyote wa kawaida, akiambiwa hivyo ndani ya nyumba yake, angeweza kupoteza akili.

Miaka sita.

Nikakusanya mafaili. Nikatoka nje kwenye korido.

Huko nikakuta kibaya zaidi.

Marehemu na fundi walikuwa na binti wa miaka minne, tumwite Kidoti. Tangu mama yake afe, alikuwa analelewa na bibi mzaa baba, kwa sababu bibi mzaa mama ni mgonjwa wa miguu, hata maji hawezi kubeba. Na huyo bibi mzaa baba, kwa haki kabisa, alimpenda. Alikuwa hamwachi, hata mahakamani alikuja naye, jirani akamshikia nje.

Sasa bibi huyo alipotoka, Kidoti akamkimbilia. Bibi akaitoa mikono ya mtoto kwenye sketi yake, kidole kimoja kimoja.

"Nenda kwa bibi yako yule," akamwambia. "Huku si kwenu."

Bibi mzaa mama akajikokota mpaka pale. Nikadhani atamrukia. Kumbe amekuja kuomba radhi.

"Mwenzangu, nisamehe," akasema. "Sikujua kama mwanangu alikuwa na mdomo ule."

Mwanamke aliyeuliwa binti anamwomba radhi mama wa muuaji. Kwa sababu ya sentensi niliyoitunga nikiwa na njaa.

Mdomo ukanifunguka wenyewe. "Mama, mwanao hakusema. Yale maneno ni yangu. Niliyatoa mimi ofisini, bosi akaniambia niandike. Huyu mtoto ni wenu, hakuna aliyewahi kusema vingine."

Bosi akanishika kiwiko. "Dada, umechoka. Twende kwenye gari."

Nikajitoa.

Mama wa fundi alinitazama, kisha akamtazama Kidoti. Nikaona kabisa ameelewa. Akikubali mtoto ni wao, basi mwanawe amedanganya, na ile miaka sita inageuka kitanzi. Akikataa, mwanawe anarudi nyumbani.

Haikumchukua muda mrefu.

"Mahakama imeshasema," akasema. "Mimi ni nani nibishane na jaji?"

Akachukua mkoba wake, akashuka ngazi.

"Bibi, na mimi," Kidoti akaita.

Hakugeuka.

Siku hiyo hiyo niliandika maelezo kwa mwendesha mashtaka, na kabla ya jioni sikuwa na kazi. Rufaa ya upande wa mashtaka bado haijasikilizwa. Msinipe hongera. Ningekuwa mtu, ningegoma pale penye chungwa.

Mkisikia mwanamume ameua mkewe kwa kuwa "alichokozwa", jiulizeni nani ameyaandika hayo matusi. Aliyesingiziwa hawezi kukanusha. Na Kidoti, huko kwa bibi mzaa mama, bado anauliza bibi yake atakuja lini kumchukua.