Goti la Doria, Kutoka Ole Hadi Wete

Nilitoka Ole asubuhi kwa sababu kaka yangu Hamadi alikuwa ameshanoa panga. Yeye ni msasi, huwinda na mbwa, na kwa wasasi mbwa asiyekimbia hana kazi. Doria, mbwa wangu mkubwa anayelinda muhogo, aliteleza mtaroni akifukuza tumbili, na tangu hapo mguu mmoja wa nyuma haukanyagi. Nilimwomba Hamadi anipe mpaka jioni.

Saa mbili tulikuwa njiani, nyuma ya kirikuu cha jirani yetu Mzee Faki.

"Mtandikie magunia mawili," alinambia. "Mie sitaki najisi ya udenda garini mwangu."

Kila shimo Doria alilia.

Wete tulifika saa nne. Daktari wa mifugo, Bi Zuwena, huja kutoka Unguja mara moja kwa mwezi. Alitaka mbwa ashikwe mdomo ndipo apime goti. Nikaona haya. Miaka mitano nimemlisha kwa kumtupia. Kumgusa kwa mkono mtupu, sijapata. Nilimshika. Alikuwa anatetemeka.

"Kano ya goti imekatika," alisema daktari. "Angekuwa mdogo ningesema apumzike tu. Kwa uzito huu goti litasagika. Nikimpasua anaweza kupona, ila mguu utaukunja na kuukunjua wewe mwenyewe, kila siku, wiki nane. Usipofanya hivyo nitakuwa nimemkata bure."

"Na asipoamka kwenye usingizi wa dawa?" nikauliza.

"Hilo nalo lipo, mzee wangu."

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi. Niliogopa, sifichi. Nikimrudisha vilevile, Hamadi atammaliza mara moja, na mtaa mzima utaniona nina busara. Nikaingia tena. "Mpasue," nikasema.

Adhuhuri ilinikuta palepale ngazini. Karibu na alasiri Doria alifungua jicho moja, nikalia kama mtoto.

Tulifika Ole kabla ya magharibi. Hamadi alinitazama nimembeba mbwa, kifua kimenitota udenda. Nikamweleza maagizo ya daktari.

"Na sala, mdogo wangu?"

"Nitajitoharisha. Mara saba, moja kwa udongo."

"Kila siku, wiki nane?"

"Kila siku."

Nilichojifunza safari ile ni kwamba kusema "mpasue" ni rahisi. Kazi ni huko mbele, na mikono ni yangu. Kama atakimbia tena sijui.

Hamadi akachukua ndoo, akaenda kunichotea maji.