Daktari Aliyefundishwa Kuongea na Mgonjwa

Daktari wetu wa saratani pale Singida Mjini alirudi kutoka semina ya siku tatu akiwa na cheti, begi jipya na ujuzi wa kumweleza mgonjwa habari za kipimo cha vinasaba. Tangu siku hiyo haongei tena, anawasiliana. Humtazama mgonjwa machoni, kama alivyofundishwa, mpaka mgonjwa anajifuta uso. Hugonga kalamu mezani, kisha husema, “Nakusikia,” hata kwa asiyesema kitu. Juzi mama mmoja wa Ilongero, mwenye saratani ya titi, aliyavumilia yote hayo, halafu akauliza kwa upole, “Daktari, unataka kusema binti zangu nao wanaweza kuugua hivi?” Daktari alifungua kitini cha semina, akapekua kurasa, mwisho akanitazama mimi muuguzi. “Wanaweza, mama,” nikamjibu. “Damu yako itatusaidia kujua kama ni ugonjwa wa kurithi.” Mama alikunja mkono wa gauni lake. “Basi toeni. Wanangu nitawaambia mwenyewe, kwa Kinyaturu.” Daktari alishusha pumzi, akaandika kwenye faili kwa mwandiko mzuri: Mgonjwa ameelewa maelezo yangu.