Mama Mkwe na Kisanduku cha Kunusa Polisi

Nakumbuka, mwanangu, Jumamosi moja ya kiangazi nilipotoka Likasi kurudi Kolwezi na wakwe zangu wawili ndani ya gari, na nusura nikose mke kwa sababu ya kisanduku cha plastiki. Jana ulinionyesha kwenye simu yako vile vidude vya kumwonya dereva kwamba kamera za mwendo kasi ziko mbele, ukaniuliza ununue kipi kwa safari yako ya ng'ambo. Nilicheka, nawe ukadhani mzee haelewi. Kumbe nilicheka kwa sababu mimi nilikuwa nacho kabla mama yako hajazaliwa.

Zilikuwa siku za Zaïre. Nilikuwa fundi makanika kwenye karakana ya mgodi hapa Kolwezi, kijana mwenye mikono ya mafuta na kichwa kikubwa. Nilikuwa na gari kuukuu nililolifufua mwenyewe, kipande kwa kipande, na nililipenda kupita kiasi. Enjinia mmoja Mbelgiji alipokuwa akifunga mizigo kurudi kwao, nikaona mezani pake kisanduku cheusi, ukubwa wa pakiti mbili za sigara, chenye waya wa kuchomeka pale pa kuwashia sigara garini. Akanieleza kwamba kwao polisi wana mashine za kupima mwendo, zinaitwa rada, na kisanduku hiki kinazisikia kabla dereva hajaziona, kisha kinalia. Nilimpa kijisanduku changu cha malakiti, lile jiwe la kijani la migodi yetu, naye akanipa chake. Sikumwuliza swali hata moja. Kitu kimetoka Ulaya, kina taa nyekundu, unauliza nini tena?

Basi nikakifunga juu ya dashibodi. Siku ya tatu kikalia karibu na uwanja wa ndege, na hadi leo sijui kilisikia nini. Lakini mimi nilishaamini. Kwa marafiki sikusema kwamba kinasikia rada. Nilisema kinasikia hatari. Unaona jinsi uongo mdogo unavyopanda cheo? Baada ya wiki mbili hata mwenyewe niliusadiki, nikaanza kukanyaga mafuta kama mtu anayefukuzwa.

Wakati huo nilikuwa nimemposa Ngalula, bibi yako, aliyekuwa akijifunza kushona hapa mjini na kukaa kwa kaka yake. Wazazi wake walikuwa Likasi. Ilibidi waje Kolwezi kuzungumza mambo ya ndoa, na mimi nikajitolea kuwafuata. Nilitaka waone gari. Nilitaka pia, sitakuficha, waone kisanduku.

Sasa uelewe jambo moja. Sisi watu wa asili ya Kasai tuna haya na mama mkwe. Zamani ilikuwa haya kweli kweli: humtazami usoni, huli naye, hakuiti jina wala wewe humwiti, na neno lenu hupitia kwa mtu wa tatu. Mama Mbombo, mama yake Ngalula, alikuwa ameshika mila hizo kwa mikono miwili. Alipoketi kiti cha nyuma pale Likasi, mimi kwa heshima nikakigeuza kioo cha kutazamia nyuma kikaelekea dari, macho yetu yasije yakakutana. Nilijiona mkwe bora katika mkoa mzima wa Shaba.

Mumewe, Tata Mukendi, mzee mpole wa tumbo kubwa na abakosti, ile suti isiyovaliwa na tai, iliyopigwa pasi, aliketi mbele pamoja nami. Kabla sijawasha gari, Mama Mbombo alisema na mumewe kwa sauti ya kunifikia.

"Ambia ule mwenye gari, banasema anakimbizaka sana. Kama tunafika muzima, tutaongea mambo ya Ngalula. Kama hapana, nitarudia na treni, na Ngalula nitarudia naye."

Tata Mukendi akanigeukia. "Unasikia?"

"Nasikia, Tata. Ambia Mama, hii kintu itatuchunga," nikajibu, nikakipigapiga kisanduku kichwani.

Tukaondoka. Fungurume tulikuta kizuizi cha kamba. Mimi nilikuwa nakuja na mwendo wangu; askari alipiga filimbi mpaka mashavu yakamvimba, nikasimama magurudumu yakilia, kamba karibu iguse boneti. Akainama dirishani, macho yakatua kwenye taa nyekundu.

"Citoyen, mwananchi, hii njo nini? Radio? Inapata mupira?"

"Hapana, chef. Inasikia polisi mbele."

Akakitazama, akanitazama. "Sasa mi, haikunisikia? Napiga filimbi mara tatu!"

Wenzake wakacheka, Tata Mukendi akacheka, na mimi nikacheka kidogo kwa adabu. Nyuma hakukuwa na kicheko. Mwanangu, dalili ya mvua ni mawingu, na pale mawingu yalikuwa yamenikalia kichwani. Askari wetu walikuwa na filimbi na kamba. Rada ya kusikiwa ilikuwa wapi? Lakini kijana akishapenda kitu, kukielewa anaona ni usumbufu.

Tulipopita Tenke, Tata Mukendi alikuwa amelala. Joto, vumbi, na ugali wa mchana vilimshinda, kidevu kikaanguka kifuani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana yeye ndiye aliyekuwa daraja letu. Mtu wa tatu akilala, mama mkwe anasema na nani?

Mbele yetu, katikati ya lami, kulikuwa na matawi mabichi. Wewe umekulia hapa, unajua maana yake. Lori likiharibika, dereva anakata matawi na kuyapanga barabarani, fungu hapa, fungu pale, kuwaambia wanaokuja: punguza, mbele kuna kitu kimesimama. Nami nilijua, nilijua tangu nikiwa mtoto. Nikayaona. Kisha nikatazama kisanduku, kimya. Nikajiambia yameanguka kutoka kwenye baiskeli ya mchoma makaa. Nikaendelea vilevile.

Nyuma nikamsikia akimwita mumewe, "Tata Ngalula! Tata Ngalula, majani!" Mumewe akajibu kwa kukoroma.

Kisha Mama Mbombo, mwanamke wa mila, akatafuta njia. Hakuweza kusema nami, basi akasema na kisanduku.

"We kasanduku, ambia mwenye gari: banaweka majani mu barabara."

Nikatabasamu! Nilidhani ananitania, kwamba sasa tumeanza kuzoeana. Kona ilikuwa inakuja.

"Kasanduku, unalala na we? Majani ingine hii. Mingi!"

Kisanduku kimya. Mimi nimeshika usukani kwa mkono mmoja, kama bwana harusi kwenye picha. Ndipo sauti ikapasuka nyuma ya kisogo changu, sauti ambayo ilikuwa haijawahi kunielekea hata mara moja.

"Kabeya! Frein! Kabeya!"

Jina langu. Mguu ulikanyaga breki kabla akili haijafika. Tukaingia kwenye kona gari likiyumba, na pale mbele, limesimama katikati ya njia, lori la magunia ya unga, miguu miwili ya dereva ikichungulia chini yake. Nilivuta usukani kulia. Tukaacha lami, tukapasua nyasi kavu, tukaenda kusimama pua ya gari ikigusa kichuguu. Ile miguu chini ya lori ilijikunja haraka kama ya chura. Hakuna aliyeumia, Mungu asifiwe.

Na kisanduku, ambacho kilikuwa kimeruka na sasa kinaning'inia kwa waya wake, kikaanza kulia. Ti-ti-ti-ti! Tata Mukendi akafumbua macho, akaona kichuguu kimejaa kioo chote. "Tunafika?" akauliza.

Ningecheka, lakini nyuma Mama Mbombo alikuwa analia. Hakulia kwa woga. Alikuwa amejifunika uso kwa kitenge chake, kwa aibu ya kuniita jina. Nikachomoa waya, kilio kimoja kikakoma. Cha pili sikujua nikinyamazishe vipi. Tulimsaidia dereva wa lori kuongeza matawi, kisha nikaendesha hadi Kolwezi polepole mpaka baiskeli zikatupita. Njia nzima niliona treni ya kwenda Likasi, na Ngalula dirishani. Nilijuta, mwanangu, na majuto ni mjukuu, huja baadaye.

Kesho yake tulikutana nyumbani kwa kaka yake Ngalula. Niliinamisha kichwa nikingoja hukumu. Tata Mukendi akakohoa, akaanza: "Mama anasema..." Mama Mbombo akamgusa mkono, akanyamaza. Akasema mwenyewe, uso kando.

"Mi nilimuita jina yake mu barabara. Kwa jina, njo mama anaita mutoto yake. Basi sasa ye njo mutoto yangu, nitafanya nini? Ngalula atakaa naye. Lakini ile kioo airudishe mahali yake."

Machozi yalinitoka mbele ya watu wote, wala sikuyapangusa. Nilitoka nje mbio, nikakirudisha kioo.

Sasa nikujibu swali lako. Kununua, nunua, unakwenda nchi za watu wenye kamera na si dhambi kukumbushwa. Ila kwanza uulize sheria ya kule unakokwenda, maana ziko nchi vidude hivyo ni kosa hata kuwa navyo. Chagua kile unachoweza kukisikia bila kukitazama. Kipange kabla ya kuondoka, kifunge mahali kisipoziba njia, na umwulize muuzaji swali ambalo mimi sikuuliza: hiki kinasikia nini, na nini hakisikii? Utakuta hakisikii mbuzi, hakisikii mtoto wa shule, hakisikii lori la unga. Kikilia, punguza. Kikinyamaza, kimya chake si ruhusa. Sikio halipiti kichwa, mwanangu, na kichwa ni chako.

La mwisho ndilo kubwa. Usiendeshe, wala usiishi, kwa namna ambayo watu waliokaa nyuma yako wanaogopa kukuonya. Heshima inayofunga kinywa cha mwenye macho itawaua wote wawili, yeye na dereva. Kioo chako kitazame nyuma, uwaone waliomo.

Nenda na baraka zangu. Lami ikuvumilie, breki zikutii, wenye filimbi wakupungie mkono tu. Na siku utakapokosa kuona majani, Mungu akuwekee garini mtu atakayekuita kwa jina lako.